Lugha katika Ulinzi wa Mtoto Shuleni: Hali ya Watoto Wakimbizi wa Dzaleka na Kanengo, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wajibu wa kumlinda mtoto unavyotekelezwa shuleni pale ambapo mtoto, mwalimu na afisa ustawi wa jamii hawana lugha moja. Eneo linalochunguzwa ni kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, pamoja na Kanengo, kaskazini mwa jiji la Lilongwe, nchini Malawi. Hoja kuu ni kwamba mnyororo wa ulinzi hulegea mahali ambapo sheria na miongozo huzungumzia kwa uchache: pale maneno ya mtoto yanapohamishwa kutoka Kiswahili kwenda Kichewa au Kiingereza na mtu ambaye hakuandaliwa kwa kazi hiyo. Makala yanaonesha mabadiliko ya maana yanayotokea katika uhamishaji huo, yanajadili nafasi ya mkalimani katika jamii ndogo ya kambini, na yanapendekeza hatua ambazo shule, ofisi za ustawi wa jamii na mashirika yanaweza kuzichukua.

Maneno ya msingi: ulinzi wa mtoto, ustawi wa jamii shuleni, ukalimani, Kiswahili cha Kongo, wakimbizi, Malawi

1.0 Utangulizi

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi, lakini kila sehemu yake inatokana na sifa halisi za lugha zinazohusika. Msichana wa miaka 11, mzaliwa wa familia iliyotoka Kivu ya Kusini, anamwendea mwalimu wake baada ya masomo na kusema: “Baba mdogo alinifanyia mabaya, saa mbili usiku. Mkubwa wangu aliona, akakatazwa kusema.” Mwalimu ni raia wa Malawi anayezungumza Kichewa na Kiingereza. Anamwita mwanafunzi wa darasa la juu atafsiri, kisha anaandika taarifa kwa Kiingereza. Taarifa hiyo ikirejeshwa katika Kiswahili inasomeka hivi: mjomba wake alikuwa na mwenendo mbaya kwake saa nane usiku, mtu mzima mmoja alishuhudia.

Hakuna aliyekusudia kupotosha. Mtafsiri alifanya alivyoweza na mwalimu aliandika alichosikia. Hata hivyo mtuhumiwa amebadilika, kosa limefifia, saa imesogea mbele kwa saa sita, na shahidi ambaye ni mtoto amekuwa mtu mzima asiyejulikana. Afisa atakayepokea taarifa hiyo ana sababu ya kuiona kuwa ugomvi wa kawaida wa nyumbani. Akiamua kuifuatilia, atakuta maelezo ya mtoto hayalingani na yaliyoandikwa, na mtoto ndiye atakayedhaniwa kuwa mwongo.

Mijadala kuhusu ulinzi wa mtoto shuleni mara nyingi hujikita katika uhaba wa wataalamu, fedha na nyumba za hifadhi. Uhaba huo ni wa kweli. Makala haya yanadai kwamba upo upungufu mwingine unaotangulia huo: wajibu wa kutoa taarifa hauna maana ikiwa hakuna wajibu wa kuisikia taarifa katika lugha inamotolewa.

2.0 Dzaleka, Kanengo na mipaka iliyo kati yao

Kambi ya Dzaleka ipo wilayani Dowa, umbali wa takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kabla ya mwaka 1994 mahali hapo palikuwa gereza, ambamo wapinzani wa serikali ya Rais Hastings Kamuzu Banda walifungwa. Jina lenyewe, katika Kichewa, hubeba maana ya mtu kuapa kwamba hatarudia tena kosa lake. Kambi ilipofunguliwa mwaka 1994 ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Walio wengi wanatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Wapo pia watu wa Pembe ya Afrika. Wengi walifika wakipitia Tanzania. Kwa sababu hizo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya ibada nyingi na ya mazungumzo baina ya makundi, ingawa nyumbani husikika pia Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kirundi na lugha nyingine.

Shule za kambini, ikiwamo Umodzi Katubza inayohusishwa na shirika la Jesuit Refugee Service (JRS), hufuata mtaala wa Malawi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na Kichewa ni somo. Hivyo mtoto anayecheza, anayeomba na anayelia kwa Kiswahili hukutana na shule inayofanya kazi kwa lugha mbili nyingine. Baadhi ya walimu ni wakimbizi wenyewe na wanaifahamu lugha yake. Wengine ni Wamalawi wasioifahamu.

Kanengo ni eneo la viwanda na makazi upande wa kaskazini wa Lilongwe, kando ya barabara kuu ielekeayo kaskazini. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, lakini kwa miaka mingi baadhi ya familia ziliishi na kufanya biashara mjini. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote waishio nje warejee Dzaleka, na miongoni mwa waliohamishwa walikuwamo watoto. Kwa suala linalojadiliwa hapa, athari ya uhamisho wa aina hiyo ni ya kiutawala na ya kilugha kwa pamoja. Kanengo ipo Lilongwe. Dzaleka ipo Dowa. Shauri la mtoto lililofunguliwa upande mmoja linapaswa kuvuka mpaka wa wilaya ili liendelee upande wa pili. Jalada lisiloandika lugha ya mtoto huvuka bila taarifa hiyo, na afisa mpya huanza upya, akimtaka mtoto asimulie tena jambo ambalo kulisimulia mara moja kulimgharimu vya kutosha.

3.0 Nani ana wajibu gani

Malawi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa. Kamati ya Haki za Mtoto, katika Ufafanuzi wake wa Jumla Namba 12 wa mwaka 2009, ilieleza kwamba haki hiyo inawahusu pia watoto wahamiaji na wengine wasiozungumza lugha ya walio wengi. Nchini, Sheria ya Malezi, Ulinzi na Haki ya Mtoto ya mwaka 2010 inaweka msingi wa kazi ya maafisa ustawi wa jamii na mahakama za watoto, inawapa maafisa hao na polisi uwezo wa kumpeleka mtoto mahali pa usalama, na inakataza usafirishaji haramu wa watoto, ndoa za kulazimishwa na mila zenye madhara. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2017 yalipandisha umri wa utoto hadi miaka 18.

Hali ya mtoto mkimbizi ina utata zaidi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka mashaka juu ya vifungu kadhaa, kikiwamo cha elimu ya umma, ikieleza kwamba inavichukua kuwa mapendekezo tu. Mashaka hayo hayapunguzi wajibu wa ulinzi, kwa kuwa Mkataba wa Haki za Mtoto unamhusu kila mtoto aliye ndani ya mamlaka ya nchi. Lakini yanaeleza kwa nini huduma nyingi za shule za kambini zimekuwa mikononi mwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na mashirika washirika, ilhali mamlaka ya kisheria juu ya mtoto yamebaki kwa serikali. Mwalimu anaweza kuwa na mwajiri mmoja, afisa wa ulinzi mwajiri mwingine, na hakimu ni wa tatu.

Katika mgawanyo huo kazi ya shule ina mipaka. Shule nyingi za msingi nchini Malawi hazina mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyeajiriwa kwa ajili yake. Kazi hiyo hubebwa na walimu wenye jukumu la unasihi na na vikundi vya akina mama vinavyowasaidia wasichana wasiache masomo. Watu hawa si wapelelezi. Jukumu lao ni kutambua dalili, kumsikiliza mtoto bila kumhoji kama shahidi, kuandika alichosema, kumpeleka kwa mwenye mamlaka na kumfuatilia baadaye. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayefanya tathmini, na kitengo cha polisi cha msaada kwa waathirika ndicho kinachochunguza kosa la jinai. Viwango vya Chini vya Ulinzi wa Mtoto katika Huduma za Kibinadamu, vilivyorekebishwa mwaka 2019, navyo vinasisitiza usimamizi wa mashauri unaofuata hatua zinazoeleweka na kutunza siri.

Kila moja ya hatua hizo ni tendo la lugha. Kutambua ni kuelewa dokezo, kusikiliza ni kujua mtoto anaficha nini kwa staha, na kuandika ni kuchagua maneno yatakayosomwa na watu ambao hawatamwona mtoto kamwe. Umuhimu wa hatua hizo si wa nadharia. Mwezi Juni 2022 Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu (UNODC) na Polisi wa Malawi walitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa usafirishaji haramu wa watu katika kambi ya Dzaleka, na waathirika zaidi ya 90 kutambuliwa. Miongoni mwao walikuwamo wasichana wadogo. Mtoto anayetoweka darasani, au anayetaja kwa mafumbo kazi aliyoahidiwa mbali, anaweza kuwa anaeleza jambo hilo hilo.

4.0 Maneno ya mtoto yanavyobadilika njiani

4.1 Lugha ya staha

Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili hafundishwi kutaja waziwazi tendo la kingono. Badala yake hutumia maneno ya kufunika: amefanyiwa mabaya, amefanyiwa tabia mbaya, ameharibiwa. Katika mashariki ya Kongo msemo wa kushikwa kwa nguvu hueleweka kuwa ni kubakwa. Mzungumzaji wa Kiswahili wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuusikia kama kukamatwa tu, na mtafsiri asiyejua matumizi ya Kivu ataandika hivyo. Kadhalika “tabia mbaya” ikitafsiriwa neno kwa neno huwa ni utovu wa nidhamu. Kila neno limetafsiriwa na kosa la jinai limetoweka.

Tatizo lina upande wa pili. Mtafsiri anayejua maana iliyofichwa anaweza kuifunua kupita kiasi, akaandika “alibakwa” pale ambapo mtoto alisema tu “alinifanyia mabaya” na pengine alikuwa na maana ya kipigo au kunyimwa chakula. Kwa hiyo njia salama si kufunika wala kufunua. Ni kuandika neno lenyewe la mtoto katika lugha yake, tafsiri ikiwa pembeni, na kumwachia mtaalamu aliyefunzwa kuuliza zaidi.

4.2 Majina ya ukoo

Katika mfano uliotangulia, baba mdogo, yaani ndugu wa baba, amekuwa mjomba. Kiingereza kina neno moja kwa baba mdogo, baba mkubwa na mjomba. Kwa familia nyingi za eneo la Maziwa Makuu tofauti hiyo ni ya msingi: baba mdogo huishi upande wa ukoo wa baba na mara nyingi ana mamlaka juu ya mtoto; mjomba ni wa upande wa mama na mara nyingi ndiye kimbilio. Taarifa inayowachanganya inaweza kumkabidhi mtoto kwa mtu yule yule aliyemdhuru, huku ikimtilia shaka yule ambaye angemhifadhi. Hatari huongezeka kwa kuwa watoto wengi huwaita baba zao wadogo “baba” pasipo kuongeza neno.

“Mkubwa wangu” ni mfano mwingine. Katika Kiswahili cha Kongo huweza kumaanisha kaka au dada aliyemtangulia mtu kuzaliwa. Katika Kiswahili cha Tanzania humaanisha zaidi mtu mwenye cheo juu ya msemaji. Mtafsiri akisikia maana ya pili, shahidi ambaye ni mtoto, na ambaye huenda naye anahitaji ulinzi, hupotea katika jalada.

4.3 Jinsia, saa na umri

Kiambishi a- katika “aliniambia” hakioneshi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hulazimisha uchaguzi. Mtafsiri asiyeuliza atachagua kwa mazoea, na uchaguzi wake utasomwa kama ushahidi. Saa nazo huhesabiwa tofauti: saa mbili usiku kwa Kiswahili ni saa ambayo watu hula chakula cha jioni, si usiku wa manane. Wazungumzaji waliosoma kwa Kifaransa huweza kuchanganya hesabu zote mbili. Iwapo mtuhumiwa ataonesha kuwa usiku wa manane alikuwa kazini, shauri zima linaweza kuanguka kwa kosa la hesabu ambalo mtoto hakulifanya.

5.0 Mkalimani katika jamii ndogo

Cecilia Wadensjö, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu ukalimani wa ana kwa ana, alionesha kwamba mkalimani si bomba ambalo maneno hupita bila kuguswa. Ni mshiriki wa tatu, anayeathiri nani azungumze, lini na kwa kiasi gani. Maelezo hayo yana uzito wa pekee mahali kama Dzaleka, ambako mkalimani ni jirani, muumini wa kanisa moja na mtuhumiwa, au mtu wa kabila ambalo familia ya mtoto ilikimbia mapigano nalo. Msichana anayemwona mtu huyo ameketi kando ya afisa anaweza kubadilisha kauli yake kabla ya swali la kwanza. Kauli iliyobadilika huandikwa kuwa kauli yake.

Mazoea mawili yanastahili kuepukwa kabisa. La kwanza ni kumtumia mtoto mwingine kutafsiri. Hata anapojua lugha vizuri, anabebeshwa siri isiyo ya umri wake, na mwenye siri anajua kwamba itafika uwanjani kabla ya jua kuchwa. La pili ni kumtumia ndugu wa familia, kwa kuwa katika mashauri mengi ya ukatili mtu wa nyumbani ndiye mtuhumiwa au ndiye mwenye maslahi ya kunyamazisha jambo.

Kanengo inaleta sura tofauti ya tatizo hilo. Kambini wasikilizaji wa Kiswahili ni wengi mno na siri ni adimu. Katika shule ya mjini huenda asiwepo hata mmoja. Mtoto wa familia ya wakimbizi akiwa peke yake katika darasa la wazungumzaji wa Kichewa hujifunza haraka lugha ya mchezo na ya mitihani, na walimu hudhani anajua lugha yote. Lakini msamiati wa mwili, hofu na aibu hujengwa nyumbani. Mtoto anayejibu maswali ya hisabati kwa Kichewa anaweza kukosa maneno ya kueleza kilichompata jana usiku. Kwa sababu hiyo kauli kwamba mtoto “anaelewa Kichewa” isitumike kama sababu ya kutotafuta mkalimani.

6.0 Istilahi zilizopo na zinazohitajika

Kiswahili hakianzi patupu katika uwanja huu. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Zanzibar ina yake ya mwaka 2011. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA) wa 2017/18 hadi 2021/22 uliandikwa na kusambazwa kwa Kiswahili, na umezoesha umma istilahi kama ukatili wa kingono, manusura, maslahi bora ya mtoto, mazingira hatarishi na afisa ustawi wa jamii. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kenya nayo ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Istilahi hizo ni akiba kubwa, lakini hazifai kuhamishiwa Dzaleka bila kupimwa. Neno “ulinzi” lenyewe ni mfano. Kwa wataalamu linamaanisha mfumo mzima wa kumkinga mtoto na madhara. Kwa mkimbizi wa kawaida “mlinzi” ni askari wa getini, na kwa aliyekimbia vita askari si lazima awe habari njema. Neno “kunajisi”, linalotumika Kenya kwa kosa dhidi ya mtoto, lina doa la aina nyingine: linabeba dhana ya najisi na kuibandika kwa aliyetendewa. Katika Kongo mtaalamu wa ustawi wa jamii hujulikana zaidi kwa jina lililotoholewa kutoka Kifaransa, asistanti sosiali, na wazazi wanaweza wasijue kwamba “afisa ustawi” ni mtu huyo huyo.

Upo mfano wa karibu wa kazi ya aina hii. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika mashariki ya Kongo, shirika la Translators without Borders lilichunguza uelewa wa ujumbe wa afya na kuona kwamba Kiswahili sanifu na Kifaransa havikuwafikia watu wengi kama ilivyodhaniwa. Likaandaa faharasa zilizojumuisha Kiswahili cha Kongo. Funzo lake kwa ulinzi wa mtoto ni wazi: istilahi sahihi ni ile ambayo mlengwa ameithibitisha kwamba anaielewa.

7.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba kuimarisha Kiswahili katika huduma za shule kutawachelewesha watoto kujifunza Kiingereza na Kichewa, na hivyo kuwatenga na jamii ya Malawi. Hoja ina mantiki katika ufundishaji, si katika ulinzi. Kujifunza lugha huchukua miaka, na madhara hayamsubiri mtoto ahitimu. Huduma ya kusikilizwa katika lugha ya kwanza haimzuii mtoto kusoma lugha nyingine, kama vile matibabu hayamzuii kwenda shule.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Kiswahili nacho kinaweza kuwafunika wengine. Msichana wa Kirundi au mvulana wa Kisomali anayewekwa mbele ya mkalimani wa Kiswahili kwa sababu “kambini wote wanakijua” anakosewa kwa namna ile ile. Ni kweli. Kwa hiyo hoja ya makala haya si kwamba Kiswahili kitumike kwa wote. Ni kwamba lugha ya mtoto iulizwe, iandikwe na iheshimiwe. Na kwa idadi ya wazungumzaji wake, Kiswahili ndicho pa kuanzia.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, fomu ya taarifa ya shule iwe na nafasi tatu ambazo hazigharimu chochote: lugha ambayo mtoto anataka kuzungumza, maneno yake kama alivyoyasema, na jina la aliyetafsiri pamoja na uhusiano wake na mtoto. Maneno ya asili yaandikwe hata kama mwandishi hayaelewi. Mwalimu mzungumzaji wa lugha hiyo, aliyekubaliwa na mtoto, anaweza kuyaandika.

Pili, kila shule imteue mwalimu mmoja wa kupokea taarifa na mmoja wa akiba wa jinsia nyingine. Mafunzo yao yasisitize mipaka: kusikiliza, kuandika, kupeleka na kufuatilia. Wasiahidi siri wasiyoweza kuitunza, na wasimwite mtuhumiwa “kusuluhisha”.

Tatu, ofisi za ustawi wa jamii za Dowa na Lilongwe, pamoja na mashirika, ziwe na orodha moja ya wakalimani waliofunzwa, waliosaini kiapo cha kutunza siri na wanaolipwa. Wawemo wanawake, na mtoto awe na haki ya kumkataa mkalimani bila kueleza sababu. Pale ambapo kila mtu wa kambini anafahamiana, ukalimani wa simu kutoka mji mwingine unaweza kuwa salama kuliko wa ana kwa ana.

Nne, jalada la mtoto anayehama kati ya Kanengo na Dzaleka liambatane na taarifa ya lugha na muhtasari wa mahojiano yaliyokwisha kufanyika, ili asihojiwe upya bila sababu.

Tano, huduma za simu za watoto zipimwe kwa lugha zinazopokelewa. Malawi, Tanzania na Kenya zote hutumia namba 116 kwa huduma hiyo. Nchini Malawi inafahamika kwa jina la Tithandizane na inaendeshwa na shirika la YONECO. Ushirikiano wa kikanda unaoziwezesha huduma hizo kuazimana wasikilizaji wa Kiswahili ni jambo la kujadiliwa.

Sita, vyuo vinavyofundisha Kiswahili viandae faharasa fupi ya ulinzi wa mtoto yenye safu za Kiswahili sanifu, Kiswahili cha Kongo, Kichewa na Kiingereza, na kuipima pamoja na wazazi na walimu wa kambini. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019. Hadhi hiyo imejadiliwa zaidi katika kumbi za mikutano ya wakuu. Inastahili kufika pia katika ofisi ya mwalimu anayepokea taarifa ya mtoto.

9.0 Hitimisho

Sheria za Malawi na mikataba iliyoridhia zinamtambua mtoto kuwa mwenye haki ya kulindwa na kusikilizwa. Kati ya haki hizo na mtoto wa Dzaleka au Kanengo kuna watu watatu au wanne, na kila mmoja hupokea maneno na kuyapitisha. Makala yameonesha kwamba maneno yanaweza kubadilika katika kila mkono bila nia mbaya ya yeyote, na kwamba mabadiliko hayo yanaamua nani atakamatwa, nani atakabidhiwa mtoto na nani ataaminiwa. Mengi ya mapendekezo yaliyotolewa hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji ofisi zinazohusika kukubali kwamba ukalimani ni sehemu ya ulinzi wenyewe, uwekwe katika bajeti na katika maelezo ya kazi. Msichana wa mfano uliofungua makala haya alikwisha kutimiza sehemu yake: alisema, kwa lugha aliyonayo, kwa mtu mzima aliyemwamini. Kilichobaki ni wajibu wa waliomsikia.